Kidude cha Kuchunga Umeme

Nguzo za umeme zilipofika porini, Nungunungu, bahili wa kutupwa, alikuwa na taa moja na redio, na bado umeme ulimkosesha usingizi. Kima mwenye duka akamuuzia kidude cha kuchunga matumizi. Kidude kikataka simu kubwa, simu ikataka intaneti, na intaneti ikataka mashine isiyozimwa usiku wala mchana.

"Baba Miiba," mkewe akasema, "tangu tuanze kubana matumizi, umeme hautufikishi Ijumaa."

"Kuna mwizi humu ndani. Kidude kitamtaja."

Kikamtaja kweli: mla umeme mkubwa kuliko wote alikuwa kidude chenyewe pamoja na mashine yake.

Nungunungu akavaa kofia, akarudi dukani kwa Kima.

"Nipe kingine," akasema, "cha kukichunga hiki."