Kigingi cha Saba

Asubuhi baada ya maji makuu ya bamvua, Saumu alishuka ufukweni kupima vigingi alivyovipigilia mwaka uliopita, ili ajue bahari imekula mchanga kiasi gani. Aliviona sita. Cha saba, mbele ya nyumba ya Bi Mwanakheri, hakikuwepo.

"Maji yamekibeba," alisema Bi Mwanakheri. Alikwisha kung'oa mlango wake na kuulaza juu ya mkokoteni, kwani watu wa pale wakihama hawauachi mlango. "Na uzio wako wa makuti, uliosema utanasa mchanga, umebaki ncha tu. Nilikwambia, mwanangu. Bahari hii imevunja ukuta wa saruji!"

Saumu alizitazama zile ncha zilizochomoza mchangani. Akapiga magoti, akachimba kwa mikono mpaka viwiko vikazama. Vidole vikagusa mti.

"Mama, kipo! Kimefukiwa! Uzio umenasa mchanga, ufuo unarudi!"

Bi Mwanakheri aliinama, akakitikisa kigingi kwa nguvu zake zote. Hakikutikisika. Akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje, kisha akauendea mkokoteni.

"Shika huko," alisema.

Wakauinua mlango, wakaurudisha mahali pake, uso wake ukiielekea bahari.