Maneno Mia Nne ya Pazi

Bibi Mwamvita alimuuliza Pazi jambo kwa kilugha, mbele ya waombolezaji wote pale Kinole. Pazi akajibu, "Asante."

"Nimemuuliza mama yake anaumwa nini," bibi akawaeleza watu. Hapo ndipo msiba mzima ulipocheka.

Mjomba Anselmi hakucheka. "Mluguru gani wewe? Siku utakayokijua Kiluguru, ndiyo siku nitakayokuketisha na wazee wa ukoo. Siwapelekei bubu."

Pazi alirudi Mzumbe, anakosomea kompyuta, aibu imemganda kama fulana yenye jasho. Kuongea hawezi, lakini kuandika programu anaweza. Akatengeneza kitu kidogo, mistari mia mbili tu: unaandika neno, hata ukilikosea, kinakuletea yanayofanana nalo pamoja na maana zake. Wenye fani yao wanakiita maktaba.

"Vitabu viko wapi?" Mjomba aliuliza kwenye simu.

"Haina vitabu, mjomba. Inataka maneno. Naomba unitajie ya Kiluguru."

"Nina shughuli nyingi, mwanangu."

Pazi akampigia babu mmoja wa ukoo, mtandao ukakatika. Wa pili akashikwa na kikohozi. Mwishowe Mjomba mwenyewe akarudisha simu: "Nenda kwa Bibi Mwamvita, mjane wa Hamisi. Tangu aolewe huku ni miaka hamsini. Anatushinda wote."

Kati ya watu wote duniani, huyo ndiye Pazi hakutaka kumwona tena. Alipanda mlima akimwomba Mungu bibi awe amesahau.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Si wewe uliyenishukuru kwa ugonjwa wa mama yako?"

Siku tatu bibi alimenya ndizi na kutaja maneno: umande, ungo, mteremko, wivu, jina la kila kitu. Pazi aliandika kichwa chini. Kila baada ya maneno machache bibi alicheka peke yake.

"Unacheka nini, bibi?"

"Nakuonea huruma. Andika."

Yakafika mia nne.

Jumapili wazee wa ukoo wakakaa kwenye viti vya kuazima, kompyuta juu ya kigoda. Pazi akaandika neno nusu nusu, maktaba ikalileta zima: umande.

"Hilo ndilo," alisema Mjomba Anselmi kwa sauti, akiwatazama wenzake.

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Likaja la ungo, wakaitikia tena. Lilipofika la wivu, mzee mmoja akafuta jicho. "Marehemu bibi yangu alikuwa akilisema hilo kila asubuhi."

Wakapiga makofi. Mjomba akamvutia Pazi kiti katikati ya wazee. Pazi akaketi, macho kwenye viatu vyake. Kati ya maneno yale yote, bila kompyuta asingeweza kutamka hata kumi, na aliona kila mzee pale analijua hilo.

"Bibi Mwamvita naye aseme neno," Mjomba alitangaza.

Bibi akasimama, akakaza kanga yake kiunoni.

"Watani zangu," alisema, "hicho mlichopigia makofi ni Kinyamwezi cha kwetu Urambo, kuanzia neno la kwanza. Tangu asubuhi namngoja Mluguru mmoja tu akatae."