Meno Sita ya Chini

Jiwe la kwanza lilimpata Adhiambo begani, la pili likampasua nyusi. Alianguka kando ya fuvu la kichwa cha mtu, na umati ukapiga kelele kana kwamba fuvu lenyewe limemtaja jina.

Fuvu hilo lilitoka ardhini nusu saa tu iliyopita. Nyamweya, fundi wa kuchimba vyoo kutoka Kisii, alikuwa ameshuka hadi kiunoni sululu yake ilipogonga kitu ambacho si jiwe. Akatoa fuvu, kisha taya la chini, akaviweka juu ya udongo mweusi na kukimbia akipiga mayowe. Lau angenyamaza! Siku ya soko Ndhiwa, mayowe hayakosi watu.

Na watu walipofika, kila mmoja alijua fuvu ni la nani. Oliver, mume wa Adhiambo, alitoweka miaka minne iliyopita. Mama yake mzazi, Dani Akeyo, yaani Bibi Akeyo, ndiye aliyeeleza kwamba mwanawe aliaga alfajiri kwenda kutafuta dhahabu Migori. Wengi waliridhika. Bravin, binamu yake Oliver, hakuridhika hata siku moja, na leo alikuja na tairi kuukuu na jerikeni la petroli.

"Si niliwaambia?" alifoka. "Huyu mama aliua bwana yake akamfukia kama mbwa! Na huyu fundi ndiye alimsaidia!"

"Jameni, mimi nimekuja hapa juzi! Mimi ni mtu wa choo tu!" Nyamweya alilia. Walimpiga kwa mpini wa beleshi lake mwenyewe, mpaka mbavu zikasikika zikivunjika.

Adhiambo alijaribu kuinuka. "Kama ningemzika hapa, ningeita mtu achimbe hapa? Mimi nilitaka choo nyuma ya jiko, kwa migomba! Ni mama mkwe alikataa, akasema harufu itatuingilia kwa chakula, tuje huku nje ya ua."

Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili timamu, lakini siku ya nyani kufa miti yote huteleza. Mtu alimpiga teke la mdomo, mle mle ambamo meno mawili ya mbele hayakuwepo. Meno hayo aliyang'oa Oliver kwa mpini wa jembe. Majirani hawa hawa walimsikia akilia usiku ule, na usiku mwingine mwingi, wala hakuna aliyetoka kitandani. Hata lile kovu juu ya jicho la Dani Akeyo, la ukuni wa moto, lilikuwa kazi ya mwanawe, na kila mtu alilijua. Leo ndio walijaa uchungu wa Oliver!

Tairi likavikwa shingoni. Petroli ikamwagika kichwani, ikaingia kwenye nyusi iliyopasuka, naye Adhiambo akapiga ukelele uliomfanya hata Bravin arudi hatua moja nyuma. Kisha Bravin akatoa kiberiti.

"Huyo si Oliver."

Ilikuwa sauti ya Dani Akeyo, aliyekuwa amesimama mlangoni pake. Alishika fimbo yake na kuanza kuja, polepole, na watu wakampisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nani angemzuia? Alipofika aliinama, akaliokota lile taya.

"Bravin. Njoo uangalie hapa mbele. Meno ni mangapi?"

"Hakuna, Dani."

"Yanayokosekana ni mangapi?"

Bravin alihesabu nafasi kwa macho. "Sita."

Bibi akafunua midomo yake. Mbele, chini, palikuwa na ufizi mtupu.

"Sisi watu wa zamani tuling'olewa haya sita ndio tuhesabiwe watu wazima. Oliver amezaliwa wakati hiyo mila imekwisha kitambo. Aling'olewa na nani?"

"Labda yameanguka tu huko kaburini," Bravin alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Jino likianguka kaburini linaacha shimo kwa mfupa. Weka kidole."

Bravin aliweka kidole. Mfupa ulikuwa laini, umejifunga zamani, hauna hata tundu moja. Taya likapita mkono kwa mkono, na kila aliyelipapasa alitazama chini.

"Huyu ni babu wa mtu," Dani Akeyo alisema. "Amelala hapa kabla mimi sijaolewa. Mrudisheni. Na hilo tairi mtoeni mtoto wangu."

Walilitoa. Hakuna aliyeomba msamaha. Watu wa aina hiyo huwa na haraka ya kurudi sokoni. Wawili walimpakia Nyamweya kwenye bodaboda kumpeleka hospitali, mmoja akafukia fuvu na taya mahali pake, na Bravin akabeba jerikeni lake kimyakimya kama mtu aliyetoka kuchota maji.

Boma likabaki la wanawake wawili. Dani Akeyo alimkalisha mkaza mwanawe kwenye kigoda, akamwosha petroli kwa sabuni ya kipande na maji ya uvuguvugu, nywele kwanza, kisha shingo. Adhiambo alitetemeka na kulia, na bibi alimwacha alie mpaka aishiwe.

"Asante, Mama," alisema mwishowe. "Umeniokoa. Sasa huyo babu tumwachie mahali pake. Nitatafuta fundi mwingine achimbe nyuma ya jiko, kwa migomba, vile nilitaka."

Dani Akeyo alikamua kitambaa, akamfuta damu kwenye nyusi.

"Pale usichimbe, mwanangu," alisema. "Huyo wa pale ana meno yote."