Wa Kushuka Naye

Siku hizo kule Upareni, kila mtu mzima alivaa bangili ya tahadhari iliyomuunganisha na jirani mmoja: mlima ukitaka kuporomoka, mnashuka wawili. Naelijwa aliunganishwa na Bibi Nampombe, mwenye miguu mibovu.

Adhuhuri bangili zilipolia, Naelijwa alimbeba mwanawe, akaupita mlango wa bibi mbio bila hata kubisha.

Saa nzima baadaye, bibi aliingia katika shule walikokimbilia, matope yamemfika kiunoni.

“Kumbe umefika, mwanangu,” alisema akihema. “Nimegonga kwako mpaka mkono umeuma. Nilijua huwezi kuniacha.”

Watu walikuwa wakisikiliza.

“Tulipishana njiani, bibi,” alijibu Naelijwa.

Bibi akaamini. Naelijwa akapiga magoti, akaanza kumfuta matope miguuni, asithubutu kuinua uso.