Mdomo wa Bibi

Salha alivuka kizingiti na kichanga chake mikononi. Mama yake, Bi Nuru, akarudi nyuma, mtandio umemziba mdomo.

"Mpokee mjukuu wako, mama."

"Mlaze kitandani, mwanangu. Mimi simgusi."

Salha akamvuta mtoto kifuani. Basi ni kweli, mtoto asiye na baba hatakiwi katika nyumba hii. Akageuka kuondoka.

"Ngoja!" Bi Nuru akashusha mtandio. Malengelenge yalikuwa yameuvimbisha mdomo wake. "Nameza vidonge vya daktari, lakini bado hayajakauka. Kwangu ni kero tu. Nikimbusu huyu, yatamwambukiza, na kichanga yanaweza kumuua."

Salha akasimama mlangoni, asijue aamini lipi. Kichanga kikaanza kulia. Mikono ya bibi ikainuka yenyewe, kisha ikajificha nyuma ya mgongo.