Nusu ya Baba

Mshamu alikuwa na mwezi wa pili hospitalini, uboho wake umeshindwa kutengeneza damu. Ndugu zake watatu walipimwa ili wampe uboho wao na hakufaa hata mmoja. Ndipo alipoitwa dada yao Somoe, aliyezaliwa na mama yao huyohuyo. Siku ya matanga ya baba yao, Mshamu alimfukuza mbele ya watu, akisema mama alimpata nje ya ndoa.

Daktari alifungua majibu, Somoe akiwa amesimama karibu na kitanda.

"Juu ya chembe nyeupe za damu kuna protini ambazo mwili huzitumia kumjua mwenyeji na mgeni," alisema. "Jeni zake mtu hurithi nusu kwa mama na nusu kwa baba. Zako na za dada yako zinafanana zote."

"Nusu ya mama," alisema Mshamu.

"Na ya baba," alisema daktari.

Mshamu alibetua midomo. "Mashine nazo hukosea."

Somoe alimtazama kama mtu anayetazama uchafu kwenye kiatu. "Basi subiri isiyokosea. Umebakiwa na wiki ngapi?"

Somoe alivuta fomu ya kutoa uboho, akaisoma yote, akatia sahihi.

"Dada," Mshamu alianza.

"Usijisumbue. Hata paka wa jirani ningempa."

Alimrudishia daktari kalamu yake, akatoka. Mshamu alibaki ameishika karatasi ya majibu, akiisogeza karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena.