Ekzosi ya Zamani

Fundi Shebughe alilifunga gari la mbio juu ya mashine ya kupimia nguvu za injini, akakanyaga mafuta hadi mwisho. "Bi Zuhena, ekzosi hii mpya, bomba la moshi aliloliagiza marehemu mumeo, imeongeza nguvu za farasi kumi na nne!"

Mjane hakuitazama namba. Kwa miaka kumi na tisa mngurumo wa gari hilo ulimjulisha, tangu kona ya soko, kwamba mumewe anarudi. Mngurumo huu hakuujua.

"Nirudishie ile ya zamani, mwanangu."

"Imetoboka, mama. Nguvu zote hizo zitapotea."

"Zipotee."

Kazi ilipokwisha, fundi akamfungulia mlango apande.

"Hapana. Mimi natangulia kwa miguu. Ngoja nusu saa, kisha uniletee gari nyumbani, upitie kona ya soko."

Akajifunga khanga vizuri, akaenda upesi upesi, gari lisije likafika kabla hajakaa ndani.